Hakuna Wekundu

Swali lenyewe lilikuwa fupi, na aliyeliuliza alikuwa na kalamu mkononi, tayari kuandika jibu. Hilo ndilo Verlene Mathis alilolikumbuka kila alipokisimulia kisa hiki: yule kijana hakuwa na dharau usoni wala kejeli. Alikuwa na kalamu tu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, wiki ya tano ya muhula, katika maabara ya uuguzi ya chuo kimoja kusini mwa Georgia, pale ambapo ukitoka nje ya lango unakutana na mashamba ya njugu mpaka macho yachoke. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wamezunguka kitanda. Kitandani alilala sanamu wa plastiki, mweupe kama maziwa, ambaye walimpachika jina la Bwana Chester. Mwalimu wao, Annette Purvis, mwanamke Mzungu wa miaka sitini kasoro, alikuwa amemlaza Bwana Chester ubavu na kuwaonyesha sehemu ya chini ya mgongo, palipopakwa doa jekundu.

"Kidonda cha kulalia hakianzi kama kidonda," alisema. "Mgonjwa asiyegeuzwa, mfupa unaibana ngozi, damu haipiti, panaiva. Ukiuona wekundu mapema, umemwokoa. Ukichelewa, ngozi inapasuka, na kupona kwake ni miezi. Kwa hiyo kila zamu mnatafuta nini?"

"Wekundu," darasa likajibu.

Tanner Wimberly akainua mkono. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa mkulima wa njugu, Mzungu mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, na aliuliza maswali kama mtu anayekula akiwa na njaa, bila kuchagua.

"Mwalimu, na mtu mweusi je? Wekundu wake nitauona wapi?"

Chumba kikanywea. Jokofu la dawa, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, likaanza kusikika. Brooke Hensley, msichana wa Kizungu aliyependa kukaa mbele, akaziba mdomo kwa kiganja. Wengine wakaona viatu vyao vinapendeza ghafla. Kisha, kimoja kimoja, vichwa vikageuka kumtazama Verlene, vikarudi upesi kana kwamba vimegusa jiko. Weusi darasani walikuwa wanne, na yeye, kwa miaka yake arubaini na minne, ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Shingo ya Mwalimu Purvis iliiva. Wekundu wake haukuhitaji kutafutwa.

"Kwetu kila mgonjwa ni sawa, Tanner," alisema. "Hatuangalii rangi. Tuendelee, ukurasa mia mbili na tatu."

Tanner akaifunga kalamu yake.

Verlene alilijua jibu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee: aliwaogesha, aliwageuza, aliwapaka mafuta, akawajua kwa visigino kuliko kwa nyuso. Alisubiri mpaka binti yake wa pekee alipoingia jeshini, ndipo akajiandikisha chuoni kusomea kile ambacho mikono yake ilikuwa ikikifanya siku zote. Angeweza kumjibu Tanner pale pale, kwa maneno ishirini. Akanyamaza.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, alipokuwa kwenye masomo ya kujiandaa na uuguzi, katika somo la jamii, mwalimu mmoja alimgeukia mbele ya watu wote: "Verlene, watu wenu wanalionaje jambo hili?" Naye, kwa ugeni, akajibu kutoka moyoni, dakika kumi nzima. Wiki iliyofuata msichana aliyekuwa akiazima daftari lake alihamia kiti cha mbali. Karatasi yake ya mtihani ikarudi na maandishi pembeni: *Uchungu wako unaeleweka, ila jitahidi kuwa mtulivu.* Na alikuwa mtulivu! Kama angekasirika, jengo zima lingejua. Tangu siku hiyo aliapa kwamba amekuja chuoni kuchukua cheti, si kuwa kamusi ya watu weusi.

Mchana, kwenye ukumbi wa chakula, Jakayla Rounds aliitua sinia yake mezani kwa kishindo. Jakayla alikuwa na miaka kumi na tisa, kucha ndefu zisizokubalika maabara, na akili kali kama pilipili mbichi.

"Umemsikia yule lakini, Bi. Verlene? 'Mtu mweusi.' Utadhani anauliza habari za ng'ombe wa baba yake!"

"Nimemsikia."

"Na hukusema kitu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilikuwa nahesabu mpaka kumi nisimrushie kitabu."

Kabla hawajacheka, Brooke akaja akasimama kando yao, sauti ya msibani. "Nataka mjue nimeshapeleka malalamiko ofisini. Kwa niaba yenu. Msijali kabisa."

"Kwa niaba ya nani?" Jakayla akauliza.

"Yenu. Nyinyi... wanafunzi wa..." Mkono wake ulizunguka hewani ukitafuta neno, ukashuka bila kulipata.

"Nani kakutuma, shoga?"

"Niliona mmeumia."

"Tumeumia," Verlene akasema, "lakini midomo yetu haina jeraha. Siku nyingine utuulize kwanza."

Brooke akaondoka macho yamemjaa machozi, na Jakayla akaichoma sukuma wiki yake kwa uma kama imemkosea. "Unaona? Sasa itabidi tumbembeleze na yeye."

Jioni, kwenye maegesho ya magari, Tanner alikuwa akimsubiri. Alivua kofia.

"Bi. Verlene. Samahani, mama. Nimekukosea?"

Verlene alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alimtazama kijana, akatazama funguo zake. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifuani, lakini hakuwa na nguvu ya kuyapanga yasimchome huyu wala kumchoma yeye mwenyewe.

"Nenda nyumbani, Tanner," alisema.

Akaendesha kilomita kumi na nane na kitu kimoja akilini. Haikuwa hasira juu ya Tanner. Kilikuwa kisigino cha shangazi yake.

Shangazi Earline alilazwa miaka sita nyuma kwa kuvunjika nyonga. Alikuwa mweusi tii, ngozi ya kung'aa, na alijivunia ngozi hiyo mpaka uzeeni. Alisema Mungu alipoichanganya rangi yake hakuitia maji. Nesi aliyemhudumia alikuwa mwema. Alimlainisha midomo, alimwimbia, alimletea barafu. Na kila zamu, kwenye faili, aliandika: *ngozi nzima, hakuna wekundu*. Aliandika hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano kisigino kilipasuka kama embe lililooza ndani. Mwezi haukuisha, mguu ukakatwa chini ya goti. Verlene alipomfuata yule nesi kwenye korido, damu ikimchemka, tayari kwa ugomvi, nesi alilia. "Nilitazama," alisema. "Naapa nilitazama kila siku. Sikufundishwa ninatazama nini." Hapo hasira ya Verlene ikakosa pa kutua. Mtu mwovu unamshitaki. Mtu mwema ambaye hakufundishwa utamfanya nini?

Na leo mtu alikuwa ameuliza. Kwa mdomo mbaya, ndiyo, lakini ameuliza. Na yeye, mwenye jibu, akamwambia aende nyumbani.

Alhamisi wakaitwa wote kwenye kikao. Viti vilipangwa duara katika chumba cha mikutano, mapazia yameshushwa, taa nyeupe za dari zimewashwa. Ukutani palibandikwa karatasi ya kanuni: tusikilizane, tuheshimiane, tuseme kwa upole. Aliyeongoza alikuwa Bwana Gerald Lockridge wa ofisi ya wanafunzi, mtu mweusi mtanashati mwenye tai ya buluu, aliyejua kuongea nusu saa nzima bila sentensi yake hata moja kugusa ardhi.

"Tumekusanyika," alisema, "kwa sababu kulikuwa na tukio. Sitalirudia tukio. Muhimu ni namna tukio lilivyopokelewa."

Brooke alisoma karatasi. Ndani ya karatasi ile Tanner hakutajwa, swali halikutajwa, na weusi waliitwa "jamii iliyoguswa". Mwanafunzi mwingine akasema yeye binafsi haoni rangi. Wa tatu akasema anakubaliana na wote waliotangulia. Mwalimu Purvis alisema anasikitika ikiwa mtu yeyote alijisikia vibaya. Jakayla alikunja mikono, akatazama dari, na Verlene alimsikia akihesabu kwa chini.

Kisha Bwana Lockridge akamgeukia Tanner, kwa upole mwingi. Kijana akasimama. Kofia yake alikuwa ameikunja mkononi kama kitambaa cha kudekia.

"Naomba msamaha," alisema. "Sikukusudia ubaya. Sitauliza tena."

Watu wakapumua. Bwana Lockridge akatabasamu, akaanza kukusanya karatasi zake.

Lakini maneno yale mawili ya mwisho yalimwingia Verlene kama mwiba. Sitauliza tena. Aliona miaka miwili mbele: Tanner Wimberly na sare yake mpya, mtoto mwema, mpole, akisimama kitandani kwa shangazi wa mtu mwingine, akitazama, asione, asiulize, akaandike kwenye faili. Akajikuta amesimama.

"Mimi sijaongea," alisema.

"Kwa bahati mbaya muda wetu, Bi. Mathis..."

"Muda upo. Nilikaa kimya Jumanne, leo naongea." Akamgeukia kijana. "Nianze na wewe, Tanner. Ulikosea. Si kwa kuuliza. Kwa namna ulivyouliza. Ulisema 'mtu mweusi' kana kwamba ni mtu wa mbali, yuko kisiwani huko. Mtu mweusi alikuwa hatua mbili kutoka kwako, na jana yake alikuazimisha mkasi. Ana jina. Ungesema, 'Mgonjwa akiwa mweusi, natazama nini?' Basi. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Sasa nyinyi wengine. Mmekuja hapa mkakaa saa nzima mkipaka asali hewani. Hakuna aliyelijibu swali. Hata mmoja! Tumemwadhibu aliyeuliza, na swali lenyewe tumelizika likiwa hai. Shangazi yangu anaitwa Earline Mathis. Kwenye faili yake waliandika siku nne mfululizo, hakuna wekundu. Kweli haukuwepo. Ngozi yake haina habari na wekundu! Leo ana mguu mmoja. Nesi wake hakuwa mbaguzi. Alisoma chuo kama hiki, kwa kitabu kama hiki, na nina hakika siku mwanafunzi mmoja alipotaka kuuliza, chumba kilifanya kama kilivyofanya chumba chetu Jumanne."

Verlene akamgeukia mwalimu wake, na hapa akaishusha sauti, kwa kuwa alimheshimu.

"Mwalimu Purvis. Swali la Tanner, wewe jibu lake unalo?"

Mwalimu Purvis alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita. Nusu ya manesi wa wilaya ile walipita mikononi mwake. Wote waliona anavyolitafuta jibu la kujikinga, na wote waliona alipoliacha.

"Sina," alisema. "Nina vipande. Jumanne niliogopa. Niliogopa nikisema neno 'mweusi' nitalisema vibaya, nikaona afadhali nisiseme kitu. Jibu kamili sina, Verlene. Ilipaswa niwe nalo."

Baadaye Verlene alisema kwamba katika maisha yake yote ya chuo hilo ndilo neno la kiume kuliko yote aliyoyasikia, na lilitoka kwa mwanamke.

"Basi fungueni mapazia," alisema. "Taa hizi zinaifanya ngozi ya kila mtu iwe ya maiti."

Bwana Lockridge alinyanyuka. "Dada, nadhani tuahirishe..."

"Kaa, kaka," Verlene akamwambia. "Hata wewe utalazwa siku moja."

Kicheko kikalipuka, cha kwanza siku ile. Bwana Lockridge akasita, akatazama karatasi ya kanuni ukutani kana kwamba ingemwokoa, kisha akakaa. Tanner mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua mapazia, na jua la saa tano likaingia.

Verlene alimtazama Jakayla. "Unaniruhusu niwaonyeshe kwa mkono wako? Ngozi yangu na yako hazifanani, ingewasaidia."

"Hapana," Jakayla akasema waziwazi. "Mimi si Bwana Chester."

"Sawa. Haki yako." Verlene hakukasirika, na wala hakumbembeleza. Alivua kiatu na soksi, akaweka mguu wake juu ya kiti, akakunja na mkono wa shati.

"Sikilizeni, maana nasema mara moja, bure, na baada ya leo ni kazi ya mwalimu. Kwanza mwanga. Mwanga wa dirishani, hata kama itabidi usogeze kitanda. Pili, usitafute wekundu. Tafuta tofauti. Hapa palivyo na pembeni yake palivyo. Penye shida panaweza kuwa zambarau, au buluu ya wino, au peusi zaidi, au panang'aa kama pamepigwa rangi. Tatu, mikono yako. Macho yatakudanganya, vidole havidanganyi. Pana joto kuliko pembeni? Au baridi? Pagumu kama ubao, au palaini kama tunda bovu? Mgonjwa anasema panauma au panawasha? Mwamini. Njooni mguse. Mwombe kwanza, ndipo uguse."

"Naomba nikuguse, Bi. Verlene," Tanner akasema, akiwa ameshaitoa kalamu.

"Umeruhusiwa."

Wakaja. Wengine kwa ncha ya kidole, kama wanaogusa kitu kitakatifu au kitu cha moto. Aliwaonyesha kisigino, kifundo, kiwiko. Aliwaeleza kwamba mtu mweusi akikosa hewa hageuki buluu kama vitabu vinavyosema. Anapauka, anakuwa kama mtu aliyenyunyiziwa majivu, basi mtazame ufizi, ulimi, ndani ya mdomo. Damu ikipungua, vuta chini kope, tazama ndani. Alifumbua viganja vyake, akaeleza kwamba hapo pia rangi hupungua.

"Na kile kipimo cha kidoleni," sauti ikasema kutoka nyuma. Ilikuwa ya Jakayla, mikono bado imekunjwa. "Cha kupimia hewa kwenye damu. Kwa ngozi nyeusi kinaweza kukudanganya. Kinakuambia hewa ipo ya kutosha na mtu anazama. Nimesoma."

Verlene akageuka. "Hilo silijui."

"Ndiyo nakwambia sasa."

"Miaka kumi na tisa nakitumia!"

"Basi njoo huku mbele," Mwalimu Purvis akasema, naye alikuwa anaandika kama mwanafunzi, "utueleze, Jakayla. Kama unataka."

Jakayla aliwaacha wasubiri kiasi cha heshima yake. Kisha akanyanyuka, akaja kwenye mwanga, akaeleza vizuri kuliko kitabu, kucha zake ndefu zikichora hewani namna taa ya kipimo inavyopenya kidole. Alipomaliza aliunyosha mkono wake kando ya mkono wa Verlene, bila kuombwa tena. "Haya. Tazameni tofauti. Lakini nikimsikia mtu anasema 'inapendeza', naondoka."

Verlene aliwatazama wale watu kumi na watatu wameinamia mikono yao miwili dirishani, wanataja rangi moja moja kwa sauti, kahawia, zambarau, shaba, nyeusi, bila mtu kumeza neno. Akajiona mrefu. Alikuwa amekuja pale akidhani ana deni la kunyamaza ili apite. Kumbe elimu aliyoipata kwenye mabeseni na mashuka ya wazee ilikuwa elimu, na sasa ilikuwa ikiandikwa kwenye madaftari.

Mambo hayakwisha kama harusi. Jumatatu barua ilifika kutoka ofisini ikimwomba Bi. Mathis, kwa siku zijazo, azingatie sauti anayoitumia. Alimkuta Bwana Lockridge kwenye korido, akamwonyesha. Bwana Lockridge alitazama huku na huku.

"Niliambiwa niiandike, dada," alinong'ona. "Mimi nimekaa humu miaka kumi na mmoja. Unajua nimefikaje? Kwa kutosema."

"Napajua, kaka. Hata mimi nilikuwa huko wiki iliyopita. Si pabaya, ila hewa ni kidogo."

Akaijibu barua ile kwa mstari mmoja: *Sauti nimeizingatia, na nimeridhika nayo.* Hakuna aliyemwandikia tena.

Mwalimu Purvis naye alikwenda maktaba. Jumamosi mbili zilizofuata gari lake lilionekana pale nje kuanzia asubuhi. Alilirudia somo lote la ngozi, kuanzia mwanzo, kwa picha alizozitafuta mwenyewe, na mara ya kwanza aliposema "mgonjwa mweusi" mbele ya darasa alilisema haraka mno, kama mtu anayeruka mfereji. Mara ya tano alikuwa anatembea tu. Akaomba sanamu mpya. Ikaja baada ya miezi mitatu, ya kahawia, na darasa likashangilia mpaka lilipofunguliwa boksi la vidonda vyake vya kubandika: vyote vya rangi ya waridi, kama ulimi wa paka.

"Yesu wangu," Jakayla akasema. "Wamempaka mtu rangi, maradhi wakasahau."

Ikabidi wakae alasiri nzima, Jakayla, Verlene na mwalimu wao, na chupa sita za rangi ya kucha za Jakayla, wakichanganya zambarau na buluu na kahawia mpaka kidonda kifanane na kidonda. Walibishana juu ya kila doa. Sanamu huyo aliitwa Bwana Otis, kwa kura.

Mwaka wa pili wakapelekwa hospitali kwa mafunzo ya wodini. Asubuhi moja Verlene alikuwa akipita na shuka safi, akasikia sauti ya Tanner chumbani. Akasimama nje ya mlango. Ndani alilala mzee mweusi mrefu, Bwana Cephus Dowdell, dereva mstaafu wa treni, aliyefanyiwa upasuaji wa goti.

"Bwana Dowdell," Tanner alikuwa akisema, "ngozi yako ni nyeusi sana, na taa hii ni mbovu. Nataka nikisogeze kitanda dirishani nikutazame visigino vizuri. Unaniruhusu, mzee?"

Verlene aliishika shuka yake.

"Miaka themanini na moja," mzee akasema. "Nesi wa Kizungu hajawahi kuniambia ameiona ngozi hii."

"Samahani, mzee, nimesema vibaya?"

"Nani kasema vibaya? Nyeusi, ndiyo! Mama yangu aliniambia niitembeze kichwa juu. Sogeza kitanda, kijana, nionekane."

Magurudumu yakalia sakafuni.

"Hiki cha kushoto kina joto kuliko cha kulia," Tanner akasema. "Na ni kigumu. Na hapa pembeni pamekuwa zambarau. Panauma nikibonyeza?"

"Panawaka moto tangu juzi. Niliwaambia. Walitazama wakasema pako sawa."

"Hapako sawa. Namwita nesi mkuu, na hatutakilaza tena kitandani hiki kisigino."

Verlene hakuingia. Hapakuwa na haja. Alikwenda na shuka yake kwa mgonjwa wake, akatandika kitanda na pembe zake nne zilizokazwa kama ngoma, na mgonjwa akamuuliza anacheka nini peke yake. Kisigino cha Bwana Dowdell hakikupasuka. Siku ya tisa alitoka hospitalini kwa miguu yake miwili, akilaumu chakula.

Mei ile walihitimu kumi na wawili. Mchana wa sherehe, wakiwa bado na majoho, walikaa kwenye meza ya mbao nje ya ukumbi, na ndoo ya njugu za kuchemsha ambazo baba yake Tanner alileta, na mitungi ya chai baridi yenye sukari ya kuumiza meno. Haijulikani nani alianzisha ubishi, lakini Jakayla alikuwa amesimama.

"Babu yako ana bendera ile ya waliopigania utumwa mlangoni, na unaniambia ni mapambo?"

"Sikusema mapambo. Nimesema nimemwambia aishushe, amekataa, na ni nyumba yake."

"Na wewe unakula kwake kila Jumapili."

"Ni babu yangu, Jakayla! Nimtupe wapi?"

"Sijasema umtupe. Nauliza unamwambia nini akipitisha viazi!"

"Namwambia! Jumapili iliyopita tumegombana mpaka bibi akalia!"

"Vizuri! Mgombane na Jumapili hii!"

Brooke alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, rangi imemtoka, akimtazama Verlene kama mtu anayeomba mkubwa aamue. Lakini hakukimbilia ofisi yoyote. Akakiweka kikombe mezani, akasema, "Na mimi baba yangu anayo," na Jakayla akamgeukia, "Eh! Kumbe na wewe? Kaa hapo, zamu yako inakuja."

Hakuna aliyenyanyuka kuondoka. Meza ya pili waliwatazama kwa hofu, kama watu wanaoangalia moto wa jirani. Verlene, muuguzi Verlene Mathis, mwenye beji mpya kifuani na kazi inayomsubiri Jumatatu kwenye wodi ya upasuaji, aliivuta ndoo ya njugu karibu yake, akamenya moja, akatafuna. Wangemhitaji kidogo baadaye, pengine. Kwa sasa walikuwa wanajiweza. Kifua kilimjaa kama siku ile binti yake alipopiga hatua ya kwanza bila kushikwa.

"Ongezeni sauti," aliwaambia. "Wa mwisho kule hawawasikii."